Sensa ya mtetemo getini inalia saa nane za usiku na hakuna mtu. Nani anajua sababu? (Goma)

#1 Baba_Mapacha (Himbi, Goma)
Salamu wote. Swali ni kwa wanaojua mambo ya nyumba za kuendesha kwa simu.

Nimefunga sensa ya mtetemo isiyo na waya kwenye geti la parsele (kiwanja changu). Ni kile kiboksi cheupe cha Zigbee (mawimbi ya redio ya vifaa vidogo vya nyumbani) kinachotumia betri ya duara CR2032. Ndani nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba, na Zigbee2MQTT, programu inayoiletea habari za sensa, pamoja na kidude cha USB cha kupokea mawimbi. Geti ni la chuma, nguzo zimejengwa kwa mawe ya lava, nyumba yenyewe ni ya mbao.

Mchana hakuna shida: mtu akigonga, simu inalia. Usiku ndio kasheshe. Karibu na saa nane, si kila siku lakini siku nyingi, ujumbe unaingia: "mtetemo getini". Natoka na tochi, hakuna mtu. Sentineri (mlinzi) anaapa hajasikia kitu. Mke wangu anataka niing'oe, majirani wanasema ni mulima, yaani volkano ya Nyiragongo. Ninyi mnasemaje?

#2 Chukudu_Turbo (Ndosho)
Sisi huku tunatafuta maji, papa anatafuta mtetemo 😂 Ngoja nikae pembeni nisome.

#3 MamaKeshero (Goma)
Baba Mapacha, msikilize mke wako. Huo ni mulima. Hata 2021, mwezi wa sita, kabla Nyiragongo haijalipuka nyumba zilitetemeka siku nyingi, watu wakapuuza.

#4 Jiwe_la_Lava (Goma)
Mama, samahani nikusahihishe. Ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Jumamosi jioni. Na mitetemeko tuliyoisikia kwa nguvu ilikuja BAADA ya lava kutoka, ndiyo ikafanya mji uambiwe uhame tarehe 27, wengine wakakimbilia Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Kabla ya hapo wengi wetu hatukuhisi kitu. Hicho ndicho kilichotisha.

Kuhusu swali lenyewe: mtetemo unaotoka kwenye magma na gesi ni wa polepole, mara nyingi kati ya 0.5 na 5 Hz (mitikisiko kwa sekunde), tena mdogo sana. Ndiyo maana OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, wanatumia seismometa (vipimo vya matetemeko) zilizowekwa mahali palipotulia, mbali na magari na watu. Sensa ya getini imetengenezwa kujua kama mtu amegonga mlango au amevunja dirisha. Mulima ukitikisa mpaka sensa hiyo isikie, wewe na mapacha mngekuwa mmeshasimama nje.

#5 MamaKeshero
Sawa, mwezi wa tano. Lakini mulima hauna saa. Unajuaje haujatikisika usiku huo?

#6 Jiwe_la_Lava
Umejijibu, mama. Mulima hauna saa, na hii kitu inalia saa nane kila mara. Kinachofuata saa ni binadamu au mashine.

#7 Chukudu_Turbo
Binadamu 👀 Sentineri ana umri gani?

#8 Fundi_Solo (Ibanda, Bukavu)
Kabla ya kumhukumu sentineri, tuangalie kompyuta. Baba Mapacha, ujumbe huo unaupata kutoka wapi? Kuna tofauti kubwa kati ya sensa kusema "nimetetemeka" na Home Assistant kukutumia taarifa.

Nieleze. Sensa hizi hulala ili zisimalize betri. Zikishtuka zinatuma neno moja tu, "vibration", halafu zinarudi kulala. Hazisemi "sasa nimetulia". Zigbee2MQTT ndiyo inayofuta hali hiyo baada ya muda, na usipogusa mipangilio muda huo ni sekunde 90. Sasa otomesheni yako (amri inayojiendesha yenyewe) ikiwa imeandikwa "hali ikibadilika, tuma ujumbe" bila kusema imebadilika kutoka wapi kwenda wapi, basi hata mfumo ukizima na kuwaka, hali ikitoka "haipatikani" kwenda nyingine, simu inalia. Hakuna aliyegusa geti.

Kwa hiyo maswali mawili. Umeme wenu unarudi saa ngapi usiku? Na kwenye otomesheni umeandika kutoka "off" kwenda "on", au umeacha wazi?

#9 Baba_Mapacha
Fundi, asante. Niliacha wazi, nitarekebisha leo. Umeme mara nyingi unarudi usiku wa manane, hapo umegonga ndipo. Lakini Pi iko kwenye betri ya sola, haizimi. Kinachozima ni ruta ya intaneti na soketi mbili za Zigbee nilizochomeka, moja sebuleni, moja karakana karibu na geti.

#10 Fundi_Solo
Aaa. Basi hizo soketi ndizo daraja lako. Vifaa vya Zigbee vinavyokula umeme wa ukutani vinapokezana mawimbi, vya betri vinapitia kwao. Soketi ya karakana ikizima, sensa ya geti inakosa mzazi. Nyingine zinatafuta mzazi mpya haraka, nyingine zinabaki zimeduwaa mpaka ubonyeze kitufe. Jaribu kwanza kuhamishia soketi ya karakana kwenye sola, hata kama haitumiki kwa kingine chochote.

Pili, chaneli. Zigbee na Wi-Fi zote ziko 2.4 GHz. Ukiacha Zigbee kwenye chaneli 11 na ruta yako iko chaneli 1, zinakanyagana. Watu wengi hupeleka Zigbee kwenye 25, lakini ujue ukibadilisha, huenda vifaa vingine ukaviunganisha upya kimoja kimoja. Na kidude cha USB usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la bluu la USB 3.0 la Pi, linatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Tafuta waya wa kurefusha, hata wa mita moja, ukiweke mbali na Pi.

Haya yote hayatengenezi mtetemo wa uongo peke yake, lakini ujumbe unaweza kupotea, na usipojua kipi kimepotea utahangaika bure.

#11 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Bonjour ba ndugu. Miye natumika na mashini za kusaga majiwe ku mine, mambo ya vibration njo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nisemeko kidogo.

Hii haiko chombo ya kupima. Iko swichi. Kule kazini tunapima mwendo wa mtetemo kwa milimita kwa sekunde, tunaona na masafa yake, tunajua kama ni beringi inakufa ama ni shafti imepinda. Yako inasema tu "ndiyo" ama inanyamaza. Usiulize swichi maswali ya daktari.

Jambo la pili: umeifunga na nini? Kama ni ile gundi ya povu inayokuja ndani ya karto, mtetemo wa haraka unakufia mule mule ndani ya povu, na ule wa kuyumba unabakia. Kazini sensa inafungwa na bulonji (bolti), ukikosa bulonji sumaku, ukikosa sumaku gundi ngumu. Povu ni ya mwisho.

Na geti yenyewe? Komeo yake inacheza?

#12 Baba_Mapacha
Yaya, ni gundi ya povu. Komeo linacheza, ndiyo. Ukisukuma kwa kidole linagonga "tak".

#13 Yaya_Kamalondo
Basi ni upepo. Nimemaliza.

#14 Dada_Nyawera (Bukavu)
Yaya umemaliza haraka 😄 Upepo wa ziwa ungelilia mchana pia. Sisi wa Bukavu tunajua mtetemo. 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, watu wako kanisani, ardhi ikapiga kwa nguvu ya 5.9. Upande wa Rwanda makanisa yaliangukia watu. Tangu siku ile mama yangu anaweka glasi mbili zikigusana juu ya kabati. Zikilia, anatoka. Sensa ya bure, haina betri.

#15 Jiwe_la_Lava
Glasi za mama ni kifaa halali kabisa. Kwa tetemeko la kusikika zinafanya kazi sawa na hiki kiboksi, labda kukizidi.

#16 Duka_Birere (Goma)
Mimi nauza hivi vitu, niseme ninachokiona dukani. Robo tatu ya matatizo ni betri. CR2032 za bandia zimejaa. Mpya kabisa inapaswa kukupa karibu volti 3, sasa unafungua pakiti ukipima unakuta imeshashuka. Usiku Goma ni baridi, tuko juu ya mita 1,400, na betri dhaifu ikipoa inazidi kuwa dhaifu. Sensa inajizima na kujiwasha. Badilisha betri kwanza, ndipo muendelee na mambo ya magma.

#17 Fundi_Solo
Robo tatu umezihesabu wewe au umezisikia? Ila betri abadilishe, hilo sipingi. Kwenye Zigbee2MQTT aangalie volti wanayoripoti, asitegemee asilimia. Asilimia zinadanganya.

#18 Mpita_Njia (Majengo)
Hakuna aliyetaja joto. Geti la chuma linashinda juani, usiku linapoa. Chuma hufupika karibu mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Geti la mita 4 likipoa nyuzi 15 linafupika karibu milimita 0.7. Ni kidogo, lakini likiwa limekwama kwenye bawaba, linang'ang'ania, linang'ang'ania, halafu linaachia kwa ghafla: TAK. Mabati ya paa yanafanya hivyohivyo, mnayasikia kila jioni.

#19 Jiwe_la_Lava
Umesema mwenyewe: kila jioni. Saa moja, saa mbili usiku geti limeshapoa. Kwa nini lisubiri saa nane?

#20 Mpita_Njia
Kwa sababu nguzo ni za mawe ya lava. Mawe yanatunza joto, yanapoa taratibu. Geti limeshika kwenye nguzo.

#21 Jiwe_la_Lava
Inawezekana. Sikubali, lakini inawezekana.

#22 Baba_Mapacha
Taarifa: nimebadilisha betri, nimehamisha soketi ya karakana kwenye sola, otomesheni nimeandika kutoka "off" kwenda "on". Jana usiku saa nane na dakika kama kumi: mtetemo getini. Safari hii ni sensa yenyewe, nimeona kwenye logi ya Zigbee2MQTT. Kwa hiyo kompyuta naiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

#23 Fundi_Solo
Vizuri, angalau tumejua ni geti kweli. Sasa punguza usikivu. Ziko ngazi tatu: chini, kati, juu. Angalia hapa, wengi wanakwama: ukituma amri tu kutoka kwenye kompyuta, sensa imelala, haisikii. Simama getini na simu mkononi, bonyeza kitufe cha sensa mara moja, na hapo hapo tuma ngazi unayotaka. Ukichelewa imelala tena. Anza na "kati".

#24 Mbagala_Fundi (Dar)
Wakuu, napita tu. Kwa nini asiweke kamera akamaliza? Au hiyo sensa yake ni ya Wi-Fi, aisete upya kwa app ya simu.

#25 Duka_Birere
Mkuu karibu, ila soma juu: ni Zigbee, si Wi-Fi. Wi-Fi ingemaliza betri ndogo hiyo mapema mno. Na kamera usiku kwenye umeme unaokatika… njoo uishi nasi wiki moja.

#26 MamaKeshero
Mnasahau malori. Yale yanayoelekea Sake yanapita usiku, barabara ina mashimo, nyumba ya mbao inacheza yote. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 madirisha yangu yalitetemeka siku nzima, na hayakuwa malori. Hatukuhitaji sensa.

#27 Chukudu_Turbo
Mama leo umegusa kidonda. Wale walio…

#28 Mwangalizi
Siasa na vita vina jukwaa lake. Ujumbe wa #27 nimeukata katikati. Turudi getini.

#29 Yaya_Kamalondo
Lori ni hoja nzuri, nakubali. Lakini lori itatikisa udongo, si geti peke yake. Weka sensa ya pili chini ya nguzo, karibu na msingi, na gundi ngumu. Zikilia zote mbili pamoja, inatoka chini: lori, mulima, ama jirani ana mashini. Ikilia ya geti peke yake, ni upepo, joto, ama mutu. Njo vile tunafanya kazini: sensa moja inakuambia kuna kelele, mbili zinakuambia kelele iko wapi.

#30 Mpita_Njia
Na kama una simu ya zamani, pakua phyphox, inasoma akselerometa ya simu na kuhifadhi namba. Iache juu ya msingi usiku kucha ikiwa kwenye chaja. Utaona mwenyewe umbo la mtetemo: lori linapanda polepole na kushuka polepole, kishindo cha komeo ni mstari mmoja mkali tu.

#31 Fundi_Solo
Au ajenge yake: ESP32 (kompyuta ndogo sana) na MPU-6050 (chipu ya kupima mwendo), inaingia Home Assistant kwa programu ya ESPHome. Ataona mihimili mitatu (mbele, pembeni, juu), sio "ndiyo" tu. Ila itataka umeme wa kudumu, si betri ya duara.

#32 Dada_Nyawera
Wanaume mnataka kujenga maabara. Swali dogo: bomba la maji linapita wapi?

#33 Baba_Mapacha
Linapita chini ya geti, Dada. Linapanda kwenye nguzo ya kushoto, limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, halafu linaingia ndani. Kwa nini?

#34 Dada_Nyawera
Kwa sababu maji yanakuja saa ngapi kwenu?

#35 Baba_Mapacha
… Usiku.

#36 Dada_Nyawera
Ehee. Maji yakirudi kwenye bomba tupu yanasukuma hewa mbele, bomba linagonga. Kwetu Nyawera unasikia kabla hujaona tone: du, du, du, halafu bomba linakohoa. Na limefungwa kwenye nguzo iliyoshika geti lako lenye komeo linalocheza. Mnataka nini tena?

#37 Chukudu_Turbo
Dada amewamaliza. Wahandisi kimya.

#38 Jiwe_la_Lava
Naipenda hoja ya bomba kuliko zote. Lakini maji hayaji kila siku saa nane kamili, au huko Himbi mna bahati? Alinganishe: siku maji yalipokuja na siku sensa ilipolia.

#39 Duka_Birere
Na kuna jambo hamjaligusa kwa heshima. Maji yakija saa nane, nani anaamka kuyakinga? Nani anafungua geti ili majirani waingize vidumu? Na kila kidumu kina bei yake.

#40 Chukudu_Turbo
😂😂😂 Sentineri, pole baba.

#41 MamaKeshero
Na kama anauza, mnamlipa ngapi? Mtu analinda usiku kucha kwenye baridi, mshahara unachelewa, halafu anawekewa kidude cha kumpeleleza. Afadhali auze maji kuliko aibe betri ya sola.

#42 Baba_Mapacha
Mama, mshahara wake ninamlipa, hilo tuliache. Sikuweka sensa kwa ajili yake, niliiweka kwa ajili ya wezi. Nimeshamwambia kwamba geti linapiga simu.

#43 Fundi_Solo
Umemwambia?! Basi jaribio limeharibika. Kesho likinyamaza hatutajua ni usikivu wa "kati", ni bomba, au ni mtu ameamua kupitisha vidumu juu ya ukuta.

#44 Baba_Mapacha
Matokeo, kwa waliouliza. Nimebandika sensa ya pili kwenye nguzo ya bomba, kwa epoksi kama Yaya alivyosema, geti nimelibakiza kwenye "kati". Usiku wa kwanza: nguzo ililia, geti kimya, na maji yalikuja. Dada Nyawera chukua pointi. Usiku uliofuata: maji hayakuja, nguzo kimya, geti likalia saa nane kasoro. Sentineri alikuwa kwa shemeji yake, geti alilinda mdogo wangu, na anasema hakuna aliyepita. Upepo haukuwepo.

#45 Mpita_Njia
Joto! Nilisema.

#46 Jiwe_la_Lava
Mchana huo kulikuwa na jua?

#47 Baba_Mapacha
Mvua kutwa.

#48 Mpita_Njia
Mvua inapoza chuma…

#49 Yaya_Kamalondo
Ndugu, acha. Funga komeo na kipande cha mpira wa tairi, isigonge. Panya naye anapita juu ya geti, mnamusahau. Komeo ikinyamaza na sensa ikaendelea kulia, hapo tutaongea tena.

#50 MamaKeshero
Panya wa Himbi ni wakubwa, hilo ni kweli.

#51 Chukudu_Turbo
Sasa niulize la kwangu kabla uzi haujafungwa. Kitu hiki naweza kukifunga chini ya chukudu (skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo), ikiibiwa niamshwe? Nalaza yangu nje, imeshaponea chupuchupu mara nyingi.

#52 Duka_Birere
Ukiiacha kwenye mtetemo, kila pikipiki ikipita itakuamsha. Lakini sensa hizi zinajua pia kuinama, zinatuma pembe. Chukudu iliyolazwa ikisimamishwa, pembe inabadilika, tumia hiyo badala ya mtetemo. Ila lazima iwe karibu na mpokeaji, ikishavuka ukuta mmoja wa mawe na barabara umeipoteza. Haikufuatilii kama GPS.

#53 Chukudu_Turbo
Kwa hiyo itaniambia tu kwamba imeondoka.

#54 Duka_Birere
Itakuambia inaondoka. Ukilala na viatu unaiwahi.

#55 Chukudu_Turbo
Bei?

#56 Duka_Birere
Njoo dukani, bei hatuandiki hapa, Mwangalizi atakata.